Wageni Wanakuja Nyumba ya Wadini

Hamtoamini. Nawaambia mapema kabisa, ili mwisho asije mtu akasema nimetia chumvi. Pale Ansab, mtaa wa Maskati, mchana kweupe, mtu aliyekula kiapo kuibomoa nyumba ndiye aliyeiokoa kwa mikono yake mwenyewe, kanzu kaikunja mpaka magotini, mchi wa kutwangia mkononi. Na hilo wala silo la ajabu zaidi. La ajabu lilikuja baada ya hapo, tulieni.

Tuanze na nyumba yenyewe. Inaitwa Nyumba ya Wadini, nyumba ya wageni ya zamani kweli kweli, iko ukingoni mwa wadi hasa. Kwa wasiojua, wadi ni mto, ila ni mto wenye mambo yake: karibu mwaka mzima haupo. Pana mchanga, mawe, mifuko ya plastiki, na kila Ijumaa vijana wanacheza kriketi humo humo katikati ya mto. Sasa Balqis, binti aliyekuwa akiiendesha nyumba hiyo, alikuwa kaitangaza mtandaoni kwamba ni "nyumba ya kihistoria kando ya mto". Wageni wakija, wakiondoka, wanaandika maoni. "Kitanda kizuri, mkate wa kumimina mzuri sana, mto haupo. Nyota mbili." Mwengine akaandika: "Nimeuliza mto uko wapi, bibi mmoja akanionyesha uwanja wa kriketi."

Bibi mmoja huyo ndiye Bibi Sayyida, bibi yake Balqis, mzaa baba. Kazaliwa Unguja, karudi Maskati bado kijana, na tangu ameolewa anaishi katika nyumba hiyo, chumba cha pembeni juu ghorofani. Kumbukeni hapo pa "juu ghorofani", tutaparudia.

Na mambo yalikuwa hivi. Ami yake Balqis, Amur, alitaka nyumba ivunjwe. Ana kampuni yake ya ujenzi, na kila akija kumsalimia mama yake anapiga kuta kwa viganja vyake kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Udongo huu," anasema. "Udongo mtupu. Hapa yanakaa mafleti mazuri tu, ghorofa tano, maegesho chini."

"Ami, hii nyumba ina umri kuliko barabara zote za Maskati," Balqis anamjibu.

"Ndiyo nnavyosema! Imezeeka! Mtu akizeeka apumzishwe!"

"Na bibi? Umtoe bibi humu? Bibi atakufa kwa huzuni, ami. Maisha yake yote yamo humu."

Hapo Amur huokota funguo zake za gari, akaaga. Bibi Sayyida mwenyewe akiwapo hunywa kahawa yake, hutazama nje dirishani, hasemi neno. Balqis akiuona ule ukimya moyo unamkatika. Anasema, masikini bibi yangu, huzuni imemziba mdomo.

Mwisho wakakubaliana, mbele ya ukoo mzima. Kulikuwa na kamati ya serikali ya nyumba kongwe. Balqis apeleke maombi. Kamati ikiiandikisha nyumba, Amur asiiguse tena milele. Kamati ikiikataa, buldoza linakuja, na bibi anahamia fleti moja ya Amur huko Khuwair ya Kusini. Basi. Neno moja la kamati, ama nyumba isimame ama ilale chini.

Na Balqis alikuwa na haki ya kuwa na matumaini, kwa sababu nyumba ile, jamani, imejengwa na mtu mwenye akili. Zamani watu wakishuka kutoka ndani, bara huko nyuma ya milima, na ngamia zao za tende kwenda bandarini Matrah, wakifika hapo wakikuta wadi imeshuka, maji yanakwenda kwa ghadhabu, hawapiti. Wanangoja. Babu wa babu akaona watu wanangoja juani na mvuani, akawajengea pa kungojea. Lango akalifanya pana, ngamia aingie na mzigo wake mbavu zote mbili. Chini akaacha ua mtupu, wanyama walale na mizigo ikae. Watu wote juu, kwa ngazi za mawe zenye vidato virefu virefu, ili maji yakija yasiwafikie. Vyumba vyembamba. Wageni siku zote wanauliza kwa nini vyembamba, na Balqis anafurahi kuulizwa: kwa sababu dari zimeezekwa boriti za mkandaa zilizoletwa kutoka pwani ya Afrika, na boriti urefu wake ndio huo huo, upana wa chumba unaamuliwa na mti. Ukutani vidaka vya kuwekea taa na misahafu. Juu kabisa vidirisha vidogo vya kutolea hari.

Lakini chini, usawa wa ardhi, kulikuwa na jambo ambalo Balqis mwenyewe hakulijali sana. Ukuta wa upande wa mlima na ukuta wa upande wa wadi, kote kuwili, mstari wa matundu. Matundu tu, kila moja paka anapita. Aliyapiga picha akazitia katika maombi kwa kujaza nafasi.

Maombi yakaenda. Jibu likaja: Ustadha Jawaher, mtaalamu wa kamati, atafika Alhamisi kukagua. Balqis akamwambia bibi kwanza kabla ya mtu mwengine. Bibi akasema, "Wageni wanakuja? Haya. Nitamwambia shangazi yako."

Sasa sikilizeni kosa lilipo. Balqis ana kazi yake nyingine ofisini, na wiki hiyo hiyo ofisi ikampeleka Salala. Akaondoka na roho safi. Kila akifungua simu, shangazi yake Nasriya ameandika kwenye kundi la familia: "Usijali mwanangu, kila kitu tunakiweka sawa." Halafu maua. Halafu mikono ya dua. Balqis akajibu kwa moyo mwekundu. Moyo mwekundu! Maskini ya Mungu, angejua.

Alhamisi asubuhi katua, kachukua teksi, kafika Ansab. Mbingu nzito, mawingu yameshuka mpaka kwenye vilele vya milima. Akaona lango kwanza. Lango la mti lililokuwa jeusi kwa uzee, lenye misumari ya shaba iliyoota ukijani, sasa limepigwa msasa, limepigwa vanishi, linang'ara rangi ya dhahabu kama bangili ya bi harusi.

Akaingia. Kuta nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho. Vidaka havipo, vimejazwa vikapigwa plasta, ukuta umekuwa laini kama yai. Akapanda ngazi mbio. Dari ya ukumbi haina boriti hata moja! Jipsamu! Jipsamu tupu, yenye mawaridi pembeni na taa za zambarau zinazowaka na kuzima.

Shangazi Nasriya kasimama katikati, mikono kiunoni, jasho limemtoka, anameremeta kwa furaha.

"Ehee? Unaonaje?"

"Shangazi," Balqis akasema, "mmefanya nini?"

"Tumefanya nini? Wageni wanakuja! Mgeni wa serikali! Ulitaka aje aone nyufa? Aone yale mamiti meusi juu kama jiko la kuni? Wallahi nimewasimamia mafundi mpaka miguu imenivimba. Hata yale matundu ya panya chini nimeyaziba yote, pande zote mbili, saruji nzito."

"Yale si matundu ya panya!"

"Ya nini basi?"

Ya nini, hata Balqis hakuwa na uhakika.

"Shangazi, yule mama anakuja kutazama uzee! Uzee ndio anaoutaka!"

Nasriya akacheka, akamshika shavu. "Mwanangu, mtu anaweza akasema anataka uzee. Lakini umkaribishe katika uchafu akakuseme mji mzima? Sisi watu wa namna hiyo?"

Namuddu, binti wa Kiganda anayefanya kazi hapo nyumbani, alikuwa anapanga vikombe. Akasema polepole, "Madamu, mimi niliwaambia, kwa ile picha ya maombi nyumba iko tofauti. Wakaniambia nikalete ndoo."

Na Bibi Sayyida? Kakaa kwenye kiti chake chini ya taa za zambarau, bakora mapajani, anatazama dari. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana hii jipsamu."

Hakukuwa na wakati wa kulia. Gari la Ustadha Jawaher hilo linafika. Na nyuma yake, kwa tabasamu la mtu anayekwenda kutazama mpira ambao matokeo anayajua, ami Amur na Landkruza yake mpya, mpya mpaka viti bado vina nailoni. Kaona wingu, kaogopa mvua ya mawe, akalikunja gari vioo vya pembeni na kuliingiza ndani kupitia lango la ngamia, akaliegesha katikati ya ua. "Angalau kwa hili nyumba ina faida," akasema.

Ustadha Jawaher alikuwa mwanamke wa makamo, miwani, viatu vya kutembelea milima. Mtu wa ndani huko, Kiarabu tu, Kiswahili hajui neno. Balqis akamshukuru Mungu kwa hilo, maana watu wa nyumba ile wakitaka kuzungumza mbele ya mgeni bila mgeni kujua, Kiswahili ndicho chumba chao cha ndani.

Akapokewa kama malkia. Halwa, kahawa, matunda, ubani mpaka macho yanawasha. Akaanza kuzunguka na Nasriya pembeni yake, na Balqis nyuma anakufa polepole.

"Ukuta huu," Ustadha akauliza, "ni wa zama gani?"

"Huu?" Nasriya akaupapasa kwa fahari. "Mpya! Jumatatu hii!"

"Na dari?"

"Jumanne. Taa zinabadilika rangi, ngoja nikuonyeshe. Namuddu, washa ile ya kijani!"

Ikawashwa ya kijani. Ustadha Jawaher na miwani yake wakawa kijani.

"Na... kuna kitu chochote," akauliza kwa adabu kubwa, "ambacho ni cha zamani?"

"Hakuna!" Nasriya akasema, kama mtu anayeapa mahakamani. "Hutokiona hata kimoja, inshallah!"

Amur alikuwa kaegemea nguzo ya roshani, anakula halwa kwa kidole kimoja, raha mustarehe. Akamwambia Balqis kwa Kiswahili, "Shangazi yako angekuwa fundi wangu, ningekuwa tajiri."

Balqis machozi yamefika pembeni. Alikuwa anafikiria bibi, anamwona bibi anabebwa na masanduku yake kwenda Khuwair, kwenye fleti isiyo na roshani, hajui mtu, hajui pa kutazama. Na hapo hapo mbingu ikapasuka.

Mvua ya Ansab yenyewe haikuwa kitu. Lakini kule milimani ilikuwa imeanza tangu alfajiri, na wadi haingoji mwaliko. Kwanza ikaja sauti, kama lori linamwaga kokoto mbali. Wote wakakimbilia roshani. Na ule mto usiokuwapo, ule mto wa nyota mbili, ukatokea kona ya juu umebeba miti, matairi na nguzo za kriketi, rangi ya chai ya maziwa, unanguruma.

"Allahu Akbar," Ustadha Jawaher akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Balqis, hata katika msiba wake, akatoa simu akarekodi. Ushahidi! Wale wa nyota mbili waje waone!

Lakini maji hayakuja upande wa wadi peke yake. Nyuma ya nyumba, kutoka mlimani, yalikuwa yanateremka kwa kijito chake, yakafika ukutani yakatafuta njia yao. Miaka mingapi hiyo yamekuwa yakipita kwenye yale matundu? Leo yakakuta saruji. Yakarudi, yakapanda, yakazunguka ukuta, yakapata lango la dhahabu. Na lango, kwa vile limepigwa msasa likapungua, halikufunga sawasawa tena. Yakaingia.

Yakaingia uani, yakaenda moja kwa moja ukuta wa upande wa wadi, kutoka. Saruji. Hakuna kutoka. Basi yakakaa. Yakaanza kupanda.

Hapo ndipo Balqis akaelewa. Ilimjia yote kwa pamoja, akawa anazungumza Kiarabu na Kiswahili vimechanganyika: babu wa babu hakujaribu kuyazuia maji. Alijua hayazuiliki. Aliyafungulia mlango wao wenyewe, yaingie huku, yapite katikati ya nyumba chini ya miguu ya watu, yatoke kule, na ukuta usisukumwe nayo. Nyumba yote ile ilikuwa kama daraja lenye vyumba juu yake!

"Na sasa limezibwa," Ustadha Jawaher akasema, uso umebadilika. "Ukuta huo hautostahimili. Udongo ukilowa ndani..."

"Gari!"

Ilikuwa sauti ya Amur. Halwa ilikuwa imemdondoka. Maji yalikuwa yamefika katikati ya magurudumu ya Landkruza mpya, na yanapanda.

"Gari langu! Fungueni lango! Fungueni!"

"Lango ndilo linaloingiza maji, ami!" Balqis akampigia kelele. "Matundu! Yafunguliwe matundu!"

Jamani. Mtu yule, mwenye kitambi chake, mwenye kampuni yake, aliyesema udongo mtupu apumzishwe, alishuka zile ngazi kama kijana wa miaka ishirini. Njiani kaingia stoo kakutana na mchi wa kinu cha bibi, mchi mzito wa mti, kaubeba begani. Akaingia majini. Akaanza kuupiga ukuta chini pale Nasriya alipoziba. Puu! Puu!

"Hapo hapo ami! Kushoto kidogo!"

"Ya Rabbi gari! Ya Rabbi viti!" Puu!

Saruji ya siku mbili, hata haijashikana vizuri. Tundu la kwanza likapasuka, maji yakanyonywa kwa mlio kama mtu anayemaliza soda kwa mrija. Amur akahamia la pili. Puu! La tatu. Nasriya juu roshani kila mchi ukipiga anashika kifua: "Plasta yangu! Plasta yangu Amur, taratibu!" Namuddu naye kashuka na nyundo, kakunja gauni, kaenda ukuta wa mlimani kufungua yale ya kuingilia, anapiga huku anacheka: "Mafi shida, hamna shida baba, hii kwetu tunafanya kila siku!"

Na nyumba, wallahi, ilianza kufanya kazi. Matundu ya huku yanapokea, ua unapitisha, matundu ya kule yanatoa, maji yamepata njia yao yanapita kwa adabu kama watu wanaojua nyumba. Yakashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ukuta umesimama. Landkruza imesimama, ina tope mpaka milangoni tu. Amur kasimama katikati, kanzu imelowa yote, mchi begani, anahema, na hajui kwamba ameokoa kitu chengine chochote zaidi ya gari.

Juu ukumbini, unyevu ulikuwa umepata jipsamu. Kipande kimoja chenye waridi kikaanguka kwenye sinia ya halwa, paa. Wote wakatazama juu. Pale kilipoanguka, zikaonekana boriti: nyeusi, zimepangana, hazijaguswa na mtu.

Ustadha Jawaher alivua miwani akaifuta. Alipoivaa tena alikuwa mtu mwengine. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajaona nyumba ya wasafiri inayopitisha wadi ndani yake na bado iko hai. Alisema neno "nadra" mara nyingi mpaka Nasriya akaacha kununa.

Halafu akamwita Balqis, akakaa naye kwenye mkeka, bibi karibu yao kwenye kiti chake, Namuddu anamimina kahawa mikono bado ina saruji. Ustadha akafungua tableti yake.

"Binti, nataka kukueleza jambo moja," akasema kwa Kiarabu cha upole. "Kamati yetu imechezewa sana. Kuna watu wanapaka nyumba mpya udongo wakatuletea. Kwa hiyo tuna sharti. Nyumba ikiguswa kabla ya maombi kupelekwa, huo ni ukarabati, tunasamehe. Ikiguswa baada ya maombi, inatolewa moja kwa moja, na hairudi tena. Na ninaandika neno la mwombaji tu, si la mtu mwengine." Akatazama chini kwenye ua, ambako Amur alikuwa anaisuuza Landkruza kwa kopo. "Mimi leo nina mafua. Harufu ya rangi siisikii kabisa. Na shangazi yako akizungumza masikio yangu yaliziba. Sasa niambie. Hii kazi yote imefanywa kabla, au baada?"

Kila mtu aliyekaa pale alikuwa anajua. Ustadha Jawaher mwenyewe alikuwa anajua. Alikuwa amemfungulia Balqis mlango, kamwachia wazi, na kasimama pembeni.

Balqis akavuta pumzi. Na hapo, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumkaribisha mgeni, na tabasamu pana usoni ili yule mgeni adhani anaombewa dua, Bibi Sayyida akasema:

"Sema baada."

Balqis akageuka. "Bibi?"

"Sema baada, mjukuu wangu. Itolewe. Mie nnataka kuhama."

"Bibi unasema nini?"

"Nnataka lifti." Bibi anatabasamu, anamtikisia kichwa Ustadha kwa heshima. "Nnataka nisimame, nibonyeze kidude, nipandishwe. Magoti yangu haya yanazipanda ngazi za babu wa babu yako tangu siku ya harusi. Aliwajengea wageni wa ngamia, wanakuja wanakwenda zao. Mie nimebaki. Huko Khuwair chini ya nyumba kuna duka la vitambaa na duka la juisi. Nimeliona. Ami yako alinipitisha."

"Lakini bibi... mimi yote haya nimefanya kwa ajili yako! Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza?"

Namuddu kahawa ilifurika kwenye kikombe. Yeye alikuwa anasikia yote.

"Ukawa unasema bibi atakufa kwa huzuni, bibi atakufa kwa huzuni," bibi akaendelea, meno yote nje. "Unasema vizuri hivyo, nikaona haya kukukatiza. Nikasema ngoja. Uliponiambia wageni wanakuja, nikajua hapo hapo. Nasriya nilimwambia maneno mawili tu: wageni wanakuja. Hayo mengine yote kafanya mwenyewe."

Ustadha Jawaher akauliza kwa upole, "Bibi anasema nini?"

"Anakuombea," Balqis akajibu. Hakujua hata neno limetoka wapi.

"Mungu amtunze. Basi, binti yangu. Kabla, au baada?"

Hebu mkae pale alipokaa yeye. Huku maji yanapita chini ya sakafu kama yalivyokuwa yanapita kabla hajazaliwa mtu yeyote anayemjua. Juu boriti zinachungulia kwenye tundu la jipsamu. Babu wa babu kajenga, mafuriko mangapi yamepita, na nyumba imesimama, leo neno moja linailaza chini. Na huku bibi yake, mkono umekauka kama tawi, umeshika bakora, anamtazama. Na kwa mara ya kwanza Balqis akaona kwamba ule ukimya wa kutazama dirishani haukuwa huzuni. Bibi alikuwa anatazama upande wa Khuwair.

Balqis akafungua mdomo.

"Kabla," akasema.

Kibao cha shaba kimewekwa langoni. Nyumba ya Wadini ni nyumba iliyohifadhiwa. Na kuhifadhiwa, kumbe, maana yake ni kuhifadhiwa kama ilivyokutwa siku ya ukaguzi: lango la dhahabu haliguswi, taa za zambarau haziguswi, jipsamu yenye tundu moja haiguswi, kutoboa ukuta kutia lifti ndiyo kabisa usitaje. Nasriya anawatembeza wageni mwenyewe na kuwaonyesha plasta yake, iliyohifadhiwa. Amur haji sana, ila akija anaegesha nje, mbali, juu ya kilima. Mtandaoni sasa ni nyota nne. Ile video ya maji imesaidia.

Bibi Sayyida bado yuko chumba cha pembeni, juu ghorofani. Wageni wanaomba kupiga naye picha, anakubali. Kwa Balqis hasemi moja kwa moja. Wakiwa wamekaa chumba kimoja, hatua mbili baina yao, anageuka: "Namuddu, mwambie mkurugenzi wa makumbusho aniletee chai yangu." Namuddu anasema, "Balqis, bibi anataka chai." Balqis anakwenda kuleta. Na kila Ijumaa, bibi akitaka kwenda Khuwair kutazama duka la vitambaa, Balqis anampa bega zile ngazi za mawe, kidato kimoja kimoja, wakishuka na wakipanda. Katikati bibi anasimama, anapumua, anaunyoosha mkono ukutani, na kwa kidole kimoja anabonyeza hewani, ti, ti, ti, kama mtu anayeita lifti.

Haya. Mngekuwa nyinyi, mmekaa kwenye ule mkeka, kahawa inamwagika, maji yanapita chini, bibi yenu anawatabasamia, neno moja tu mdomoni. Mngesema lipi?